Kuokoa Bila Ruhusa

Kimondo alimwokoa Radi tena Jumanne asubuhi, na kabla ya saa ya chai Radi alikuwa ameshamshtaki.

Chemutai aliisoma kesi hiyo nyuma ya kaunta ya agrovet, duka lake la pembejeo za kilimo mjini Kitale, huku akimpimia mteja mbegu za sukuma wiki. Yeye ndiye aliyekuwa admin wa Walinzi wa Mlima, mchezo wa mashujaa ambao mashabiki waliuanzisha wenyewe kwenye Telegram. Kila mchezaji alijichagulia jina na nguvu zake, kisha wakapigana na maadui kwa kuandikiana. Hakuna aliyelipwa. Kila mtu alitaka kuruka, na hakuna aliyekubali kufa. Juzi tu mmoja alikatwa kichwa na jitu, akaandika kwamba hicho kilikuwa kichwa cha akiba.

Kwa hivyo kulikuwa na sheria. Iliyovunjwa zaidi ilisema: usimwokoe mwenzako bila ruhusa yake. Chemutai aliitunga kwa sababu ya wanaume.

Kimondo aliivunja kila siku. Radi akianza tu kupambana na mamba mkubwa wa Mto Nzoia, Kimondo huyo, anashuka kutoka mawinguni. Hilo lingevumilika. Lakini safari hii aliandika: “Pumzika, Radi. Tangu uamke hujaonja kitu. Na hiyo leso ya kijani imekukaa vizuri.”

Radi wa mchezoni alivaa ngozi ya chuma. Hakuwa na leso.

Kipngetich, binamu yake Chemutai aliyemsaidia kusimamia mchezo, alimwandikia kando. “Ati leso? Huyu jamaa anamwonea wapi?”

Chemutai akamtafuta Radi faraghani. “Niambie ukweli. Huyu mtu unamjua?”

“Sana.”

“Anakaa karibu na wewe?”

“Karibu kuliko ninavyotaka.”

“Na anakufuata?”

“Mpaka jikoni.”

Chemutai aliacha mbegu zikamwagika kwenye mizani. “Umemwambia bwana yako?”

“Huyo? Huyo hana msaada wowote. Admin, mtoe tu kwa mchezo. Hapa ndipo mahali pekee napumulia.”

Chemutai alimfungia Kimondo papo hapo. Jibu lake lilikuja haraka: “Admin, tafadhali. Ni hapo tu huwa ananijibu.” Chemutai aliyasoma maneno hayo mara mbili, akamzuia asimwandikie tena.

Kisha Radi akapotea. Jumatano hakuonekana. Alhamisi mamba alikula nusu ya mji wa Webuye, wachezaji wakimwita, na hakuna radi hata moja iliyopiga.

Chemutai alikuwa na namba yake. Mwaka uliopita alimtumia dawa ya kuku, ndipo akajua kwamba jina lake ni Phelista na kwamba nyumba yake iko Kanduyi, geti la buluu nyuma ya uwanja wa michezo. Akapiga.

“Radi? Ni Chemutai, admin. Uko salama?”

“Siwezi kuongea,” sauti ilinong'ona. “Yuko hapa. Hatoki.” Simu ikakatika.

Alipojaribu kuwaeleza polisi kwa simu, aliulizwa kwanza kama huyo mamba ana mwenyewe. Alikata simu, akakaa akitazama magunia ya mbolea. Ndani ya mchezo angeweza kumfungia mtu yeyote, hata awe na mabawa na macho ya moto. Nje ya mchezo alikuwa muuzaji wa dawa ya kupe. Na ni yeye aliyemchokoza huyo mtu.

Alifunga duka, akachukua mpini wa jembe kati ya ile aliyokuwa akiuza, akampigia Kipngetich aje na pikapu.

Kipngetich aliendesha mpaka walipoona nyumba za Kanduyi. “Chemu,” akasema, “unakumbuka kwa mchezo mimi huongea na ng'ombe tu?”

“Nakumbuka.”

“Nilitaka tu ukumbuke.”

Geti la buluu halikuwa limefungwa. Chemutai alitangulia, mpini mkononi. Alibisha, na mlango ukafunguliwa na mama wa umri wa nyanya yake, mwenye mvi tupu na leso ya kijani kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekosa usingizi.

“Ni wewe Admin?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ni mimi, mama. Yuko wapi?”

Phelista alielekeza sebuleni kwa midomo. Kwenye kochi alikaa mzee mnene mwenye tai na kandambili, na mbele yake thamosi ya chai na vikombe viwili. Alipowaona alitabasamu, akaanza kujiinua.

“Kalibuni,” alisema. “Kalibuni chai. Nilikuwa tu namkumbusha vile tulijenga hii nyumba.”

Chemutai aliinua mpini. Phelista aliushika, akaushusha polepole.

“Weka chini, msichana wangu. Huyo ni Wekoye, bwanangu,” alinong'ona. “Mrudishe kwa mchezo leo hii. Tangu umfukuze, anataka tupige stori.”