Kisima Namba Tisa

Barua ilisema hivi: chuo kikuu kimeomba takwimu zote za maji ya kisima namba tisa, nazo hazitatolewa mpaka mkuu wa kitengo na mpimaji wasimame pamoja kisimani, wapime, waweke sahihi. Mpimaji mwenyewe, ambaye watu wote humwita Mzee Kamba, aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Ya nne aliisoma akiwa amekaa chini.

Alibakiza miezi miwili tu astaafu. Na hicho kisima hakujua kilipo.

Siku yake ya kwanza kazini, miaka kumi na moja iliyopita, alipewa ramani, kamba ya kupimia na karatasi ya kusaini kwamba ameonyeshwa kisima. Akasaini. Akakitafuta vichakani kutwa nzima asikione, akaona haya kurudi kuuliza. Kesho nitakiona, akajiambia, na jioni ile akajaza kwenye daftari: maji yapo mita kumi na nne chini. Kesho ikazaa kesho. Kiangazi aliyashusha maji, mvua zikija akayapandisha, na siku mkewe akimnunia aliyashusha zaidi kidogo. Visima vingine nane, vya wapimaji wengine, vilikuwa na mapengo tele ya vipimo: mara mpimaji mgonjwa, mara mto umefurika. Namba tisa hakikukosa kipimo hata siku moja. Ndiyo maana chuo kilikitaka hicho.

"Si umwambie mkuu wako ukweli tu?" mkewe alimshauri asubuhi ya siku ya kupima.

"Ukweli gani leo, mama watoto? Wanifukuze, kiinua mgongo kiote mbawa?"

Mkuu wa kitengo alifika saa nne, amechomekea shati, jasho linamtiririka na jua lenyewe halijakolea. Mzee Kamba akamkaribisha chai, akaomba kimoyomoyo ainywe polepole. Mkuu akanywa vikombe vitatu. Akawasifia kuku wa uani. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja, mpaka waliokwisha kuoa.

"Naona mawingu, mkubwa," Mzee Kamba akajaribu. "Njia ile ikilowa haipitiki."

"Kabisa!" mkuu akadakia, na anga lilikuwa jeupe pe. "Unaonaje tukisaini hapahapa? Mimi nakuamini, bwana."

Mzee Kamba nusura ambusu. Kalamu zilikuwa zimeshatoka mifukoni, dereva wa mkuu akakohoa mlangoni.

"Samahani, mkubwa. Barua inataka na picha. Nyinyi wawili, na bomba la kisima katikati."

Dereva naye! Basi wakatoka. Mzee Kamba alitangulia, kamba begani, ingali ndani ya nailoni yake ya dukani. Wakavuka bonde, wakapanda kilima, wakateremka tena kwenye bonde lilelile. Dereva akachoka, akabaki kivulini. Cha ajabu, mkuu hakulalamika. Kila Mzee Kamba alipogeuka, alimkuta anamkodolea macho kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Bado mbali?" mkuu akauliza kwa sauti ndogo. "Kwani... kipo kweli?"

"Kipo, mkubwa. Kiende wapi?"

Walipoliingia bonde lile mara ya tatu, Mzee Kamba alisimama. Akaitupa kamba chini. Liwalo na liwe.

"Mkubwa, nisamehe. Hicho kisima sijawahi kukitia machoni. Vipimo vyote nimevitunga nyumbani, kwenye kiti changu."

Mkuu alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, machozi yakaanza kumtoka.

"Ahsante Mungu," akasema. "Miaka kumi na moja, kila mwezi naletewa vipimo, usingizi sipati, najiuliza huyu mzee anavitoa wapi. Maana aliyetumwa kukichimba ni mimi, na sikukichimba."