Sauti ya Siwema

Kelele za mitambo ya kiwanda cha kufuma nguo zilimziba Mzee Lugendo masikio angali na nguvu zake. Miaka kumi na minane baadaye alirudi katika jengo lile lile, sasa likiwa maabara ya chuo kikuu, kujaribu kifaa cha kusikia kilichobuniwa humo. Bintiye Siwema alimsindikiza.

Mtafiti akampachika kifaa sikioni, kisha akamwashiria Siwema aseme.

"Baba, unanisikia?"

Mzee alishtuka, akageukia mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi, baba. Siwema."

Sauti ya Siwema aliyoikumbuka ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Hii ilikuwa ya mkewe, waliyemzika mwaka juzi, hata vile alivyokuwa akiyavuta maneno.

"Kinakuumiza, mzee? Tukitoe?" mtafiti akauliza.

Akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akisikiliza kwa macho, akifuata midomo ya watu. Sasa aliyafumba.

"Sema, mwanangu. Sema lolote."

Siwema akaanza kumsimulia alichopika jana, na mkono wa mzee ukanyooka taratibu kuielekea sauti.