Wimbo wa Baba Mdogo

Kidole gumba cha Mogesi kilipogusa uzi mnene wa litungu lake, ala ya jadi ya nyuzi nane, wazee wa mstari wa mbele walishusha vibuyu vyao vya pombe.

Ilikuwa sherehe ya kijiji cha ujamaa kutimiza mwaka, na mwenyekiti alikuwa amemwomba wimbo wa kuwasifu viongozi. Alikuwa ameanza vizuri. Sauti aliipandisha kama alivyofundishwa kwenye kwaya ya misheni, na vidole vikakimbia kama magitaa ya Kongo aliyoyasikia redioni. Vijana wakacheza.

Lakini kidole gumba kilifundishwa na baba yake mdogo, aliyewahi kuimba hadharani majina ya watu waliouza ng'ombe wa wenzao ng'ambo ya mpaka. Wiki ileile alitoka kwenda malishoni, asirudi. Sasa kidole kilikuwa kimeingia chenyewe katika wimbo ule.

Mama yake alimfikia, akamshika bega. "Mwanangu, badilisha. Nakuomba, badilisha sasa hivi."

Mwenyekiti alisogeza kiti chake karibu. Alitabasamu, ila jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Mwache aimbe, mama," alisema. "Nataka nijue anaukumbuka mpaka wapi."

Mogesi alimtazama mwenyekiti usoni, akaona kwamba hata akinyamaza amekwisha kuchelewa. Akafika pale ambapo majina huanza kutajwa, akavuta pumzi, akaimba la kwanza.