Hekalu la Mkataji

Fumie alikuwa ameshavunja kucha mbili, na kibao chake bado hakijaonekana.

Vibao vilikuwa maelfu, vimetundikwa tabaka juu ya tabaka kwenye fremu ndefu za mbao uani pa hekalu, kila kimoja na ombi la mtu. Nitenganishwe na pombe. Nimechoka na bosi wangu, mwondoe. Ndoa ya Haruyo ivunjike kabla ya kiangazi. Mungu wa hekalu la Kirihata kazi yake ni moja tu, kukata. Mtu hupanda ngazi zake akiwa na kitu anachotaka kimtoke maishani, naye mungu hukitoa.

Shida yake ni kwamba hachagui njia. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kuomba atenganishwe na mashine ya kiwandani. Akatenganishwa nayo, vidole vitatu vikabaki humo. Ndiyo maana wenyeji humalizia kwa kuandika: bila kumdhuru mtu.

Fumie, mzaliwa wa hapo hapo, hakuandika hivyo. Siku ile hasira zilimpanda akasahau. Sasa Tetsuro, mwanawe wa pekee, alikuwa hospitalini moyo umevimba, na asubuhi daktari alikuwa amemwambia ajiandae, huenda mwanawe asiione jioni.

Upande wa pili wa fremu vibao viligongana. Fumie akachungulia, macho yake yakakutana na ya Mizuho, mke wa Tetsuro. Walikuwa na miaka minne hawasemeshani.

"Umefuata nini hapa?"

"Ulichokifuata wewe, mama."

"Mimi nimekuja kumwombea mwanangu."

"Anayeomba husimama kule mbele akapiga makofi yake mawili. Huku nyuma anapekua mwenye lake."

Siku nyingine Fumie angempa jibu la kumlaza macho. Leo alikosa hata nguvu ya kukunja uso. "Uliandika nini?" akauliza.

Mizuho akainama. "Mume wangu atenganishwe na mama yake. Nikaishia hapo. Ni ile siku uliyoirudisha supu yangu mbele ya wageni, ukasema hata paka wako hawezi kuila."

"Mimi niliandika atenganishwe nawe," Fumie akasema. "Nami nikaishia hapo."

"Kwa hiyo akifa..."

"Akifa tumepewa tulichoomba wote wawili. Funga mdomo, utafute."

Wakatafuta. Theluji ikaanza kudondoka, nyuzi za vibao zikawa ngumu, vidole vya Fumie vikafa ganzi. Mizuho akavua glovu zake akamvisha, na Fumie akavishwa kama mtoto. Kuhani aliyekuwa akifagia ua akawasogelea.

"Akina mama, kibao kikishatundikwa ni mali ya mungu."

"Akiitaka mali yake aje anidai mimi," Fumie akamjibu. "Nyumba yangu anaijua."

Kuhani akawatazama, kisha akarudi kwenye ufagio wake.

Cha Mizuho kilionekana kwanza. Cha Fumie kilikuwa nyuma ya vibao tisa vya watu wengine. Walivipondaponda kwa jiwe, wakisaidiana, mmoja akishika na mwingine akigonga, mpaka haikubaki herufi ya kusomeka. Halafu wakaenda mbele ya hekalu, wakainama mara mbili, wakapiga makofi.

Fumie alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mungu, lakini yaliyomtoka yalimwendea mtu wa pembeni yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutesa, na hukunikosea lolote. Supu ilikuwa nzuri."

Mizuho akaangua kilio. Wakakumbatiana pale pale mbele za mungu, na Fumie akashangaa kujitafuta moyoni asikute hata chembe ya ile chuki aliyoilea miaka yote. Ilikuwa imeisha kabisa. Akajisikia mwepesi, na akaona aibu kujisikia hivyo siku kama ile.

Simu ya Mizuho ikalia. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitalini. Hali ya Tetsuro ilikuwa imebadilika ghafla dakika hizo hizo, waje upesi.

"Lakini tumeviondoa," Mizuho akasema, simu bado iko sikioni. "Tumeviondoa vyote viwili!"

Wakashikana mikono wakakimbilia ngazi. Kwenye msumari wa mwisho wa fremu, kando ya ngazi, mahali ambapo upekuzi wao haukufika, Fumie akaona kibao chenye mwandiko uliolalia kushoto. Alihangaika kuunyoosha mwandiko huo tangu Tetsuro yuko darasa la kwanza, hakuuweza. Tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla mwanawe hajaanguka akapelekwa hospitalini.

"Kata uadui ulio kati ya mama yangu na mke wangu. Nawapenda wote. Ukitaka chochote kwa ajili hiyo, chukua kwangu."

Fumie alisoma mara mbili. Mkono wa Mizuho ulikuwa bado ndani ya mkono wake, una joto. Akauchomoa wake kwa nguvu, akamsukuma mkazamwana wake hadi akaanguka kwenye theluji.

"Mchawi wewe!" akapiga kelele, machozi yakimbubujika. "Tangu uingie nyumbani kwangu sijapata raha! Sikupendi, unasikia? Sijawahi kukupenda!" Akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega, akamtikisa. "Nitukane na wewe, Mizuho, uadui urudi. Nakuomba, mwanangu, nitukane!"