Helikopta na Ng'ombe wa Litapunga

Mlio wa helikopta ya jeshi uliposikika kutoka upande wa Mpanda, baba yake Ngusa aliwatazama ng'ombe wake waliokuwa wakinywa maji katika bwawa la Litapunga. Wakishtuka, wataingia kwenye mpunga wa watu.

"Baba, ni yeye," mkwewe, mke wa Ngusa, alisema, mtoto mgongoni. "Alisema leo atapita atuone."

Ngusa alikuwa akipiga simu kila Jumapili, akimuulizia mama, mke, mtoto, halafu ng'ombe. Lakini tangu aende jeshini kurusha ndege, mzee aliwaambia watu kwamba mwanawe ameitupa fimbo ya kuchungia.

Helikopta ilikuja moja kwa moja, nyuma ya ng'ombe, mpaka karibu na bwawa. Kisha ikapunguza mwendo, ikajitenga, ikazunguka mbali kabisa na kutokea ubavuni mwa kundi, mahali ambapo kila ng'ombe aliweza kuiona.

Ng'ombe hafuatwi kwa nyuma, mzee alimfundisha Ngusa hivyo angali mdogo. Anazungukwa, aone nani anakuja.

Dume kubwa liliinua kichwa, maji yakichuruzika mdomoni. Likatazama juu, likainama tena kunywa.

Mzee akavua kofia.

"Kumbe bado anachunga," alisema.