Kituo cha Bwawani

"Dereva, nisubiri dakika moja. Mume wangu kasahau fimbo kwenye kibanda cha jibini. Yeye nimeshamketisha humu ndani ya basi."

"Mama, saa kumi na robo naondoka. Nikichelewa, watu watakosa treni huko chini."

Verena alipotoka na fimbo, basi la manjano, la mwisho siku hiyo, lilikuwa limeshakata kona ya kwanza.

Akashika njia ya mkato, mbio na uzee wake. Chini kabisa aliliona likisimama kituo cha bwawani, alipozoea kushuka na mumewe enzi za uchumba wao.

Mzee, ambaye siku hizi hata jina la mkewe halijui, alishuka. Akageuka, akanyoosha mkono mlangoni kama anayempokea mtu.

Verena aliita. Maporomoko ya maji yakaimeza sauti.

Mlango ukafungwa bila mwingine kushuka. Mzee akakunja kiwiko, akaelekea majini, akipiga soga na mtu wa kushoto kwake, upande anaotembea Verena siku zote.