Stelingi wa Bibi

Siku hizi televisheni humtengenezea kila mtazamaji tamthilia yake ya mapenzi kutoka kitabu kilekile cha katuni za Kijapani. Yangu ni ya mtindo wa Kikorea, ya Bibi Shemsa ni ya mtindo wa Kijapani, na kila jioni tunabishana ipi bora.

“Stelingi wangu kambeba binti kwenye mvua!”

“Makelele matupu. Wangu kammenyea chungwa, kimya, kama marehemu babu yako.”

Jana, kwa taaluma ya kuchezea mitambo niliyoipata bwenini, niliigeuza yake iwe ya Kikorea. Stelingi wake naye akambeba binti kwenye mvua, mara akamtua, akatukodolea macho.

“Shemsa,” alisema kwa sauti ya Babu, “mwambie huyo mtoto anirudishie chungwa langu.”

Nilimrudishia mbio.

Leo Bibi kaweka viti viwili mbele ya televisheni. Nilipotaka kukaa, alinifukuza.

“Toka hapo, mtundu wee. Kina mwenyewe.”